Mapato na Matumizi Yasomwe: Hotuba kwa Wananchi wa Mialo ya Mwanza

Ndugu wenyeviti wa vijiji na mitaa, watendaji, viongozi wa BMU, yaani vikundi vyetu vya kusimamia uvuvi mwaloni, akina mama wa dagaa, mabaharia, wazee wetu, na vijana mliovuka maji kutoka Ukerewe na Buchosa: mwangaluka.

Mada niliyopewa ni pana mno: siasa na maisha ya kila siku katika Afrika yenye watu wa kila namna. Naomba niibane. Asubuhi pale Mwaloni Kirumba, mwalo wetu mkubwa, yaani ufukwe wa kushushia na kuuzia samaki, utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Kisumu na cha kwetu, watu wanapatana bei ya gunia lile lile la dagaa. Jioni kila mmoja anarudi chini ya serikali yake. Lakini ukimsikiliza vizuri, swali lake ni lile lile la jirani yake: ushuru ninaotoa unakwenda wapi, na nani ananijibu?

Swali hilo halijibiwi Dodoma kwanza, wala Nairobi, wala Kampala. Linatakiwa lijibiwe kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, na mkutano huo wengi wetu tumeuachia wazee wachache na watu wa chama. Kwa hiyo leo nadai jambo moja tu. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila robo mwaka, kwa tarakimu, mbele ya watu, na sisi wasikilizaji tuwe tunajua tunachokisikiliza.

Tuanze na sheria, kwa sababu wapo wanaodhani kusomewa hesabu ni hisani ya mwenyekiti. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, inasema kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya jumla ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, ambayo ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao kwenda juu wawe wanawake. Unakaa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti tumemchagua sisi. Mtendaji ni mwajiriwa, ndiye katibu, na ndiye anayetunza vitabu. Hesabu zikichelewa, wa kuulizwa kwanza ni mtendaji, lakini wa kuitisha mkutano ni mwenyekiti. Mara nyingi kila mmoja anamsukumia mwenzake, na robo inapita.

Tazameni neno "mkazi wa kawaida". Sheria haikutaja kabila. Visiwani kwetu kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Wasukuma, Wazinza, Wahaya, Waluo, Waha, na kambi zinahama kufuata samaki. Nimeona inavyotumika kauli ya "huyu si wa hapa". Hutolewa pale tu mtu anapouliza hela. Siku ya kuchangia darasa hakuna anayeambiwa si wa hapa, na siku ya kutoa ushuru mwaloni hakuna anayeulizwa babu yake alizikwa wapi. Kura ya serikali za mitaa inamtaka mtu awe raia, na hilo ni sawa. Lakini Mtanzania anayeishi kijijini kwenu, anayelala hapo na kufanya kazi hapo, ana haki ya kukaa kwenye mkutano na kunyoosha mkono. Mwenyekiti anayemnyamazisha kwa asili yake anavunja sheria na anapanda ugomvi ambao ziwa hili halijauzoea.

Majirani zetu wana njia zao, na zinafundisha. Uganda, kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wa baraza la kijiji, LC1. Mfumo mzuri, ila uchaguzi wake ulifanyika mwaka 2001 kisha haukufanyika tena hadi Julai 2018, watu wakapanga mistari nyuma ya wagombea. Miaka 17 viongozi wale wale wakiandika barua na kugonga mihuri. Baraza lipo kwenye karatasi, lakini wa kumwajibisha hakuna. Kenya, katiba ya mwaka 2010 ilizaa kaunti 47, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Homa Bay, Siaya, Migori, Busia na Kisumu zote zimepakana na ziwa letu. Huko shida ni nyingine: wananchi wanaweza kuitwa ukumbini wakiwa hawajaiona bajeti, wakapewa kurasa nyingi asubuhi hiyo hiyo na kuombwa maoni. Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wanafanya kazi ya pamoja, umuganda, na wakimaliza wanakaa kikao hapo hapo. Hilo la Rwanda nalipenda kwa sababu moja: siku inajulikana na kila mtu, hakuna wa kusema sikusikia tangazo.

Na hapo ndipo tunapoharibu sisi. Mkutano unaitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mama wa dagaa yuko wapi? Amenunua alfajiri boti zilipotia nanga, sasa amepiga magoti anatandaza, anageuza, anaangalia mawingu. Akiondoka, mvua ikanyesha, mtaji wa wiki umeoza na kuwa chakula cha kuku. Baharia naye yuko wapi? Amekesha majini, amelala. Anayebaki kuhudhuria ni mwenye nafasi, na mwenye nafasi si lazima awe mwenye shida.

Kalenda ya mwalo inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, boti zinapumzika, nyavu zinashonwa. Basi mkutano wa robo uwekwe kwenye siku za mbalamwezi, saa kumi alasiri, dagaa wakiwa wameshaanuliwa. Halmashauri ya kijiji ikae mwanzoni mwa mwaka, itazame kalenda, ichague tarehe nne, izibandike ofisini, mwaloni, msikitini, kanisani na kwenye mashine ya kusaga. Tangazo libebe na ajenda. Tangazo linalosema "kutakuwa na mkutano, wote mnakaribishwa" halimwambii mtu kwa nini aache kazi yake. Liandike: kusomwa kwa mapato na matumizi ya Julai hadi Septemba, ombi la ardhi ya ufukweni, ukarabati wa choo cha mwalo. Watakuja.

Sasa nitumie muda kwenye taarifa yenyewe, maana hapa ndipo tunapopigwa.

Taarifa kamili ina vitu vinne: salio la mwanzo, kilichokusanywa, kilichotumika, salio la mwisho. Tuchukue mfano wa kufundishia. Robo inaanza na salio la shilingi 1,240,000. Yamekusanywa 3,600,000. Yametumika 3,150,000. Jumlisha mbili za kwanza unapata 4,840,000, toa matumizi, inabaki 1,690,000. Swali la kwanza la mwananchi si "mmekula shilingi ngapi". Swali la kwanza ni hili: salio la mwanzo la robo hii ni sawa na salio la mwisho lililosomwa robo iliyopita? Ndiyo maana lazima kuwe na muhtasari wa mkutano uliopita, usomwe na kuthibitishwa kabla ya lolote. Kijiji kisichotunza muhtasari kinaanza upya kila robo, na pengo la zamani linafutika bila mtu kulifuta.

Swali la pili: taarifa ya benki inaonyesha shilingi ngapi tarehe ile ile? Kama karatasi inasema 1,690,000 na benki inasema 1,100,000, kuna shilingi 590,000 zinazotafutwa. Msirukie kusema zimeibwa. Zinaweza kuwa zipo mkononi mwa mkusanyaji hazijapelekwa benki. Zinaweza kuwa zimetumika zikiwa mbichi, yaani zilikusanywa asubuhi, mchana zikalipa nauli ya mtu kwenda wilayani, hazikuwahi kuiona benki. Kutumia fedha mbichi ndiko kunakoharibu hesabu nyingi za vijiji, hata pale ambapo matumizi yenyewe yalikuwa halali, kwa sababu hakuna tena njia ya kujua kilichokusanywa kilikuwa kiasi gani. Dawa yake ni kanuni isiyo na huruma: kila kilichokusanywa kiende benki kama kilivyo, na kila kinachotumika kitoke benki kwa kibali cha kikao. Kwa wa visiwani, ambako benki ni safari ya meli, kikao kiamue mapema hela italala kwa nani, kwa siku ngapi, na kiasi gani kisizidi.

Swali la tatu ni la mapato. Usikubali kusomewa "ushuru mbalimbali: 3,600,000". Omba yatenganishwe: mwalo kiasi gani, mnada kiasi gani, ada za ofisi kiasi gani, michango kiasi gani. Nanyi mnaolipa, daini risiti ya mashine na mtazame mambo matatu: kiasi, tarehe, na aina ya malipo. Chaji ikiisha au mtandao ukikata, ambalo ni jambo la kawaida kule Ukara na kwingineko, jina la mlipaji na kiasi viandikwe kwenye daftari mbele yake, risiti itolewe mashine ikiwaka. Vilevile mjue hela ipi ni ya nani. Ushuru mwingi unaokusanywa na mashine mwaloni ni wa halmashauri ya wilaya au manispaa, unakwenda huko. Wananchi wengi wanamkaba mwenyekiti wa kijiji kwa fedha ambayo haijawahi kupita mikononi mwake. Muulizeni inayomhusu, ile nyingine muulizeni diwani, naye aje mwaloni kuijibu.

Swali la nne: matumizi. Neno la kulitazama ni "mengineyo". Likizidi kidogo, lifunguliwe. Na posho za vikao zisomwe peke yake, zisifichwe ndani ya "uendeshaji wa ofisi".

Kuhusu ujenzi sitasema mengi, lakini kuna somo ambalo nchi nzima ilipata. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, ilitangazwa waziwazi kwamba kila darasa ni shilingi milioni 20. Tarakimu ile ikajulikana mpaka kwa bodaboda. Kwa mara ya kwanza watu wengi walipita eneo la ujenzi wakiwa na swali lenye miguu: milioni 20 hizi, mbona madirisha hayana vioo? Tarakimu ikitangazwa, msimamizi anafanya kazi akijua anaangaliwa. Basi kila mradi wa fosi akaunti, yaani ule unaojengwa na mafundi wa kawaida bila mkandarasi, unaoletwa kijijini, kiasi kiandikwe kwa rangi kwenye ubao pale pale ujenzini. Na kamati ya mapokezi isisaini kwa simu. Ihesabu mifuko ya saruji ikishuka, iandike namba ya gari, ipime kokoto kabla hazijachanganywa na za jirani. Saruji inayopokelewa usiku na mtu mmoja ndiyo inayopungua.

Ardhi. Hapa naomba watu wa Sengerema, Magu na Ukerewe msikilize sana, kwa sababu ufukwe sasa una bei. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu kuridhia. Mwenyekiti na wajumbe watatu waliokutana na mwekezaji hotelini hawajagawa ardhi, wamesaini karatasi. Mnunuzi naye ajue hivyo, maana ndiye atakayelia baadaye. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ya matumizi mengine ya taifa, eneo lisilozidi hekta 250 huidhinishwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, baada ya kijiji kutoa mapendekezo yake. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano ule ni mali. Uwe na majina na saini za waliohudhuria, idadi ya waliokubali na waliokataa, mipaka ya eneo kwa vitu vinavyoonekana, na masharti ya kijiji. Njia ya wananchi kufika majini iandikwe humo kama sharti. Isipoandikwa, ukuta utajengwa, na watoto watazunguka kilomita kutafuta pa kuchota maji.

Mjini mambo ni tofauti, na watu wa Kayenze na Igombe mnalijua hili kwa uchungu. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye uwezo wa kisheria, inaweza kushtaki na kushtakiwa, na kijiji kina ardhi. Mtaa hauna ardhi ya kugawa. Ardhi iko chini ya manispaa au jiji. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia mauziano, hawezi kumilikisha. Na ile asilimia kumi ya bei ambayo watu huambiwa waitoe ofisini ili mhuri ugongwe, naomba msigombane. Ulizeni kwa adabu vitu viwili: ni sheria ndogo ipi, na risiti iko wapi. Sheria ndogo halali ya kijiji hupita kwenye mkutano wa wananchi kwa maoni na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, hivyo nakala yake ipo. Ikikosekana nakala na risiti, hayo si malipo ya serikali.

Kuna pia mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo huo. Maji yalipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, tuliona wenyewe ziwa linaweza kufika wapi. Nyumba zilizoambiwa ziko mbali ziliamka ndani ya maji. Sheria hii ina sababu. Lakini itekelezwe kwa kibanda cha mama anayeuza uji na kwa hoteli ya ghorofa kwa kamba moja ya kupimia. Kamati ya mazingira ipime mbele ya watu, iweke alama, iandike.

Kwa viongozi wa BMU nina neno zito zaidi. Miongozo ambayo nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, ziliioanisha kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, inataka kamati ya mwalo iwe na watu 9 hadi 15: asilimia 30 wenye boti, asilimia 30 mabaharia, asilimia 10 wachuuzi wa samaki, na waliobaki wadau wengine kama wachakataji, mafundi wa boti na wauza zana, wanawake wakiwemo. Uwiano huu uliwekwa kwa makusudi. Kinachoharibika ni kwamba kiti cha baharia hukaliwa na mdogo wa tajiri mwenye boti, au msimamizi wa tajiri huyo. Orodha inapendeza, uamuzi unabaki wa matajiri. Ndiyo maana nyavu haramu za timba na kokoro zinajulikana ziko kwa nani na hazishikwi, na sangara wa chini ya sentimita 50, wasioruhusiwa kuvuliwa, wanapita usiku, mpaka inakuja operesheni kutoka juu, kama ile ya mwaka 2018, nyavu zinachomwa hadharani na mwalo mzima unaumia, mwenye kosa na asiye nalo.

Baharia hawezi kumpinga tajiri wake kwa kunyoosha mkono akiwa anamtazama usoni; kesho ataambiwa boti imejaa. Basi uchaguzi wa BMU uwe kwa karatasi, ndani ya boksi, na kila kundi lichague wake peke yake: mabaharia wachague baharia, akina mama wachague mama. Kazi ya nusu siku, na inabadilisha kila kitu kinachofuata.

Mkinyimwa taarifa, kuna njia isiyohitaji kelele. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa namba 6 ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, nayo ijibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi. Taja unachotaka kwa jina na kipindi: taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji fulani, Oktoba hadi Desemba. Usiandike malalamiko wala tuhuma humo, kwa sababu barua ya tuhuma inajibiwa na polisi na barua ya ombi inajibiwa na karani. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Majina kumi chini ya barua yana nguvu kuliko moja, na yanamlinda yule mmoja.

La mwisho ni wakati. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti yake inapikwa mapema sana. Vipaumbele vya vijiji hukusanywa na kufika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mnamo Oktoba hadi Desemba, halmashauri ya wilaya hupanga Januari na Februari, Bunge hukaa kwenye bajeti Aprili hadi Juni. Kijiji kinachoomba vichanja vya kuanikia dagaa mwezi Machi kimeomba vya mwaka mwingine. Kwa hiyo mkutano wa mbalamwezi ya Oktoba ndio wa kupeleka ombi, na ombi lieleze vichanja vingapi, vitajengwa eneo gani ambalo halina mgogoro, na wananchi watachangia nini, iwe miti, mchanga au nguvukazi. Mtendaji aufikishe muhtasari kwenye kata kabla Novemba haijaisha, na mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa.

Sasa maswali. Naomba waanze akina mama wa Igombe, maana jua linazama na dagaa bado wako nje.